Nyumba Ikivuja na Uwezo Haupo: Jinsi ya Kuomba Msaada wa Ukarabati Mombasa

Mvua ya mwaka inapokaribia, katika mitaa ya Majengo, Likoni, Mishomoroni na Miritini utawakuta watu wamesimama nje ya nyumba zao wakitazama mapaa. Wengi wao ni wazee waliojenga kwa jasho lao walipokuwa na kazi bandarini au sokoni, na wengine ni wajane na watoto walioachiwa nyumba ya Kiswahili yenye ujia katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ambayo mabati yake yameliwa na chumvi ya bahari na kuta zake zimeanza kuachia udongo kwenye fito. Nyumba wanayo, ila uwezo wa kuitengeneza ndio haupo. Mwongozo huu nimewaandikia wao, pamoja na vijana wa mtaa ambao ndio hutumwa kuandika barua na kuzipeleka ofisini.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezipa serikali za kaunti kazi ya nyumba, pamoja na huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Kwa hiyo unapoingia katika ofisi ya kaunti kueleza hali ya nyumba yako hujaenda kuomba hisani ya mtu. Hata hivyo, usitarajie kukuta dirisha moja ambapo mwenye nyumba hupeleka fomu na kurudi na mabati. Msaada hupitia njia kadhaa, kila njia ina masharti yake, na mtu huweza kupoteza miezi akibisha mlango usiomhusu. Katika miaka niliyowaandikia majirani barua hizi nimeona kwamba aliyefanikiwa mara nyingi hakuwa mwenye shida kubwa kuliko wenzake, bali yule ambaye karatasi zake zilimwezesha afisa kutia sahihi bila ya kuogopa maswali ya wakaguzi wa hesabu.

Thibitisha kwanza kwamba nyumba ni yako

Hapa ndipo ugumu wa Mombasa ulipo. Katika sehemu nyingi za nchi mwenye nyumba ndiye mwenye ardhi, lakini kwetu watu wengi wanamiliki nyumba bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake. Babu alikubaliana na mwenye shamba, akajenga, na familia ikaendelea kulipa kodi ya kiwanja kizazi baada ya kizazi. Mpango huu wa nyumba bila ardhi una mizizi mirefu, kwa kuwa desturi za pwani zilikubali kwamba jengo laweza kuwa mali ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine, na tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipoanza kutumika pwani, waliosajiliwa walibaki na hati na wengi waliojenga wakabaki na kuta tu.

Kukosa hati miliki kusikufanye ukae nyumbani. Kusanya risiti zote za kodi ya kiwanja, hata zilizochakaa. Mkataba wa mauziano ikiwa nyumba ilinunuliwa. Bili za maji na stima zinazoonyesha jina la mtu wa familia. Na barua ya chifu, ambayo kwa kawaida huanzia kwa mzee wa mtaa, ikitaja jina lako, nambari ya kitambulisho, mahali nyumba ilipo na muda ambao familia imekaa hapo. Ikiwa risiti zimeharibika kwa moto au kwa maji, nenda kwa kamishna wa viapo ukaape hati ya kiapo inayoeleza historia ya nyumba, na uwaombe majirani wawili wa umri mkubwa waape pia kwamba wanaijua nyumba hiyo na wanajua ni ya nani.

Kisha kuna idhini ya mwenye ardhi, jambo ambalo watu hulikwepa na baadaye likawarudia. Wenye ardhi wengi huogopa kwamba ukuta wa udongo ukigeuzwa kuwa wa matofali, mpangaji wa kiwanja atadai haki zaidi juu ya ardhi, na kwa sababu hiyo hukataa ukarabati wowote, au husubiri fundi aanze kazi ndipo wapeleke malalamiko. Mwandikie mapema, kwa heshima na kwa uwazi, ukieleza kuwa unataka kubadilisha mabati na kukandika upya kuta zilizobomoka, kwamba hutaongeza chumba wala ghorofa, na kwamba makubaliano yenu ya kodi yatabaki kama yalivyo. Mwombe atie sahihi kwenye nakala yako. Ikiwa ardhi inasimamiwa na wakala, hakikisha kwamba wakala huyo ana barua inayompa mamlaka. Ikiwa ardhi ni ya wakfu, idhini hutoka kwa msimamizi wa wakfu huo au kwa Tume ya Wakfu, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Mombasa.

Jambo la urithi nalo linahitaji kutengenezwa kabla ya ombi. Shangazi yangu alipeleka maombi ya msaada baada ya upepo kung'oa sehemu ya paa lake, na akarudishwa kwa sababu risiti zote zilikuwa na jina la marehemu baba yake, ilhali ndugu zake wanne hawakuwa wametia sahihi mahali popote. Alikuwa ameishi katika nyumba hiyo maisha yake yote, lakini mbele ya afisa hakuwa na karatasi inayosema hivyo, na mpaka ndugu walipokusanyika mvua zilikuwa zimeshaingia vyumba viwili. Kama mwenye nyumba amefariki, Waislamu waende katika Mahakama ya Kadhi na wengine katika mahakama ya kawaida ili warithi watambuliwe kisheria. Wakati kesi inaendelea, warithi wote waandike barua moja ya makubaliano kwamba nyumba itengenezwe na kwamba fulani ndiye atakayewawakilisha. Barua hiyo haichukui nafasi ya hati ya mahakama, lakini inamwonyesha afisa kwamba hakuna mgogoro unaomngojea.

Wale wenye hati miliki wana kazi nyepesi zaidi, isipokuwa waangalie kama wana deni la reti za ardhi. Reti ni tozo ambayo mwenye ardhi huilipa kaunti. Deni hilo halikuondolei haki ya kusikilizwa, ila huweza kukwamisha kibali. Sikiliza matangazo ya kaunti, kwani zipo nyakati ambapo husamehe riba na adhabu kwa anayelipa deni la msingi.

Andika uharibifu kwa namna inayopimika

Kusema kwamba nyumba ni mbovu hakumsaidii afisa. Piga picha za kila mahali palipoharibika, moja ya mbali inayoonyesha nyumba nzima na nyingine za karibu, na nyuma ya kila nakala uandike tarehe na chumba. Pima kwa futi urefu wa ukuta ulioanguka na ukubwa wa paa linalovuja. Halafu mwite fundi mwashi na seremala wakuandikie makadirio ya gharama yanayotenganisha vifaa na ufundi: mabati mangapi na ya geji gani, yaani kipimo cha unene wa bati, mbao ngapi na za ukubwa gani, misumari kilo ngapi, siku ngapi za kazi. Makadirio ya mafundi wawili tofauti yana nguvu kuliko ya mmoja, na yanamwondolea afisa shaka kwamba bei imepandishwa.

Ikiwa uharibifu umetokana na moto, nenda kituo cha polisi tukio liandikwe na upewe nambari yake, kisha uombe ripoti ya kikosi cha zimamoto cha kaunti. Ikiwa ni mafuriko au upepo, chifu na msimamizi wa wadi waje waone kabla hujaanza kusafisha. Najua ni vigumu kumwambia mama mwenye watoto asiguse matope yaliyojaa chumbani, lakini picha zilizopigwa baada ya usafi hazionyeshi kilichotokea, kwa hiyo angalau pigeni picha nyingi kabla ya kuanza.

Kuna tahadhari moja ambayo nisingependa msomaji aikute akiwa hana habari. Maafisa wa afya ya umma na wa majengo wakikagua nyumba na kuona kwamba inaweza kuua watu, wanaweza kuchukua hatua za kisheria itolewe amri kwamba isikaliwe mpaka itengenezwe, au hata ibomolewe. Hilo lisikuzuie kuomba ukaguzi, kwani ukuta unaoegemea upande mmoja hauna huruma na mtu. Hata hivyo, kabla ya kuomba, panga kwa ndugu au jirani mahali ambapo familia italala ikiwa amri hiyo itatolewa, na umweleze afisa waziwazi kwamba unaomba ukaguzi ili upate msaada wa kutengeneza.

Mlango upi ubishe

Anza kwa msimamizi wa wadi. Mombasa ina wadi 30 katika kaunti ndogo sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na ofisi ya wadi ndiyo iliyo karibu nawe. Peleka nakala pia kwa mwakilishi wa wadi katika Bunge la Kaunti na kwa idara ya kaunti inayoshughulikia ardhi na nyumba.

Ni lazima utofautishe janga na uchakavu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuwa na Mfuko wa Dharura kwa mahitaji ya haraka ambayo hayakuweza kutabiriwa. Nyumba iliyoungua usiku au iliyobomolewa na mafuriko yaweza kuingia katika maana hiyo. Paa lililooza kwa miaka kumi haliwezi, hata likiwa limefikia hatua ya kuanguka leo, na ukiliomba kwa jina la dharura utanyimwa kwa haki. Waliopatwa na janga wapige ripoti pia kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo husaidia kwa vitu vya haraka kama vile mahema, mablanketi na vyombo.

Kwa uchakavu wa miaka, njia ni ndefu zaidi: ama mpango ulioingizwa kwenye bajeti ya kaunti, ambao nitaueleza hapa chini, ama msaada wa jamii, ama mkopo. Shirika la Kitaifa la Nyumba huwakopesha watu binafsi wanaotaka kujenga, kumalizia au kuboresha nyumba zao mashambani na pembezoni mwa miji, lakini huo ni mkopo unaodai dhamana na uwezo wa kulipa, na mtu anayeishi kwa Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza, sitamshauri aukaribie. Fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, nazo watu huziulizia mara nyingi. Sheria yake inataka miradi iwe ya kijamii inayowafaa watu wengi, kama vile madarasa na vituo vya polisi, kwa hiyo mbunge anayekuambia kwamba mfuko huo hauwezi kuezeka nyumba yako anakueleza ukweli. Hata hivyo, mtaro wa mtaa mzima unaotuma maji kwenye misingi ya nyumba ishirini ni jambo la kijamii, na kuutengeneza kwaweza kuzisaidia nyumba hizo kuliko saruji.

Wenye nyumba za Mji wa Kale wana mlango wa ziada. Eneo hilo ni la uhifadhi, na mabadiliko ya sura ya nyumba, milango ya kuchongwa, roshani na madirisha hupitia ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Nenda huko kabla ya kumlipa fundi. Wengine huiona ofisi hiyo kama kizuizi, lakini pia ndipo mahali pa kupata ushauri wa watu wanaojua nyumba za mawe ya matumbawe.

Kwa Waislamu, kamati ya msikiti wa mtaa ni mlango usiopaswa kuonewa haya. Fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa miongoni mwa wanaostahili zaka, na mtu anayelala chini ya paa lililotoboka kwa kukosa uwezo anaingia humo. Makanisa na vyama vya mtaa nao hufanya michango, na makadirio yale yale ya fundi uliyoyatayarisha kwa kaunti yatumike huko pia.

Barua yenyewe

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na nyumba iko wapi. Ya pili ieleze uharibifu na sababu yake. Ya tatu itaje mapato ya nyumbani na watu wanaoishi humo, hasa wazee, watoto na wenye ulemavu. Na ya mwisho iombe jambo moja mahususi. Maelezo ya mapato yawe ya kweli na yathibitishwe, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba mzee wa nyumbani amesajiliwa katika Inua Jamii. Aya ya ombi naiandika hivi:

"Kwa hiyo naiomba ofisi yako ituletee mabati 24 ya geji 28 na mbao zilizotajwa katika makadirio yaliyoambatanishwa. Gharama ya ufundi itabebwa na familia na majirani."

Sentensi hiyo ya pili ina thamani kubwa. Afisa akiona kwamba familia imejitolea sehemu yake, ombi huwa dogo, na ombi dogo lenye mpaka hupata jibu mapema kuliko ombi la kujengewa nyumba nzima. Ambatanisha nakala tu, usiache karatasi asili katika ofisi yoyote, na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ombi halilipiwi. Mtu yeyote akikuambia kwamba jina lako litaingia kwenye orodha ukimtumia chochote kwa simu, usimtumie.

Ingia katika bajeti kabla haijafungwa

Wengi hupeleka maombi mwezi wa Mei, mvua ikiwa imepamba moto, wakati ambapo fedha za mwaka zimekwisha kugawanywa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni, na vikao hivyo hutangazwa magazetini, redioni na katika ofisi za wadi. Kwa mtu anayetaka kaunti itenge fungu la kuwasaidia wenye nyumba maskini, mwezi wa Agosti ndio wa kuamka.

Msiende mmoja mmoja. Wenye nyumba kumi na tano wa wadi moja, wakiwa na orodha ya nyumba zao, picha na jumla ya gharama, wanaonekana kama mradi, na mradi ndio lugha ya bajeti. Andikeni memoranda fupi, mmoja wenu aisome katika kikao, na mhakikishe kwamba imeandikwa katika kumbukumbu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, kwa hiyo memoranda ikipuuzwa, igeuzeni kuwa ombi rasmi kwa Karani wa Bunge.

Kufuatilia bila ya kuchoka

Rudi baada ya wiki mbili ukiwa na nakala yenye muhuri, uulize faili iko kwa nani, na uandike jina na cheo chake na tarehe katika daftari. Ukizungushwa, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Chini ya sheria hiyo unaweza kuuliza kwa maandishi ombi lako limefikia wapi na ni vigezo gani vinavyotumika kuchagua wanaosaidiwa, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Sheria yenyewe inasema kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asaidiwe na afisa. Jibu lisipokuja, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nimeona barua ya namna hii, iliyoandikwa kwa adabu na bila ya lawama, ikiamsha faili iliyolala miezi mitano.

Vifaa vikipatikana

Anzia juu. Paa kwanza, kisha njia za maji kuzunguka nyumba, kisha kuta, kwa kuwa ukuta uliokandikwa upya chini ya paa linalovuja utaanguka tena. Kazi ya paa ikiweza kufanyika wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mafundi hupata siku kavu mfululizo. Kwa mabati, kumbuka kwamba nambari ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 30, na hewa ya bahari humaliza bati jembamba haraka. Mchanga wa ufuoni usiingie katika zege lenye nondo, maana chumvi yake hula chuma kutoka ndani. Nyumba ya mawe ya matumbawe ipigwe lipu ya chokaa badala ya saruji tupu. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikakusanyika nyuma yake na lipu ikabanduka vipande vipande. Boriti za mikoko zikaguliwe zinapoingia ukutani, kwani huko ndiko mchwa na maji huanzia. Kazi ya stima aifanye fundi mwenye leseni, hata kama jirani anajitolea bure.

Kabla ya kubadilisha ukuta au kuongeza chochote, uliza katika ofisi ya mipango ya kaunti kama kazi hiyo inahitaji kibali, na ukipewa ubandike nakala mahali pa kuonekana. Kazi ikiisha, piga picha kutoka pembe zile zile ulizopiga mwanzo, uziambatanishe na risiti za vifaa, na upeleke nakala katika ofisi ya wadi ili majirani zako walio kwenye orodha wasiambiwe kwamba msaada uliotangulia haukuonekana ulikokwenda. Faili yako mwenyewe itie ndani ya ndoo yenye mfuniko unaofunga vizuri, uiweke juu ya kabati mbali na maji, na angalau watu wawili wa nyumbani wajue ilipo.